Nimeshammaliza

Nenda saluni yoyote ya kike kuanzia Bagamoyo mpaka Kerege, keti kwenye benchi, nyamaza. Haitapita muda utamsikia msusi akimwambia mteja aliyechoka kungoja, "Vumilia kidogo, dada, nimmalize huyu, halafu wewe." Hakuna atakayeshtuka. Aliye chini ya mikono ya msusi hatainuka akimbie, na anayengoja atafurahi kwamba zamu yake imekaribia. Kumaliza ni kumaliza. Mtu amesukwa, amepakwa hina, amepambwa, amekwisha, aende zake. Mtoto wa kike wa pwani hujua maana hiyo kabla hajaanza kufunga Ramadhani.

Mimi nilifungwa kwa neno hilo. Nalisema mapema ili asiwepo wa kungoja kosa jingine huko mbele, maana wengi huningojea. Wananisikiliza hadi mwisho, wanatikisa kichwa, halafu wanauliza taratibu, "Lakini hasa ilikuwaje?" Ilikuwa hivyo hivyo.

Kazi yangu ilikuwa kupamba maharusi kwa hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea. Sikusomea chuoni. Nilifunzwa na somo wangu, mwanamke wa Kaole aliyenifunda nilipovunja ungo. Kwetu mama hukuzaa na somo hukufungua macho, na ukimkosea mmoja wao hujui uanze kumwomba radhi nani. Baada ya kunifunda alinichukua nimbebee kikapu chake cha kazi, akaniona mkono wangu hautetemeki, akanipa koni nichore kucha, kisha vidole, kisha mguu mzima. Alinionyesha jinsi ya kuukanda unga wa hina kwa maji ya ndimu hadi ushike kama uji mzito, na jinsi ya kumketisha bibi harusi mto ukiwa chini ya magoti asife ganzi. Nilikuwa sina mtu ninayemwamini zaidi yake, na hata mume wangu alilijua hilo na hakulipenda.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Mimi nilipaka, yeye alikuja kukaa na bibi harusi chumbani mpaka siku ya pili, maana mwenye piko mbichi hawezi kujishikia hata kikombe cha maji. Atalishwa, atanyweshwa, atapepewa. Kwa hiyo nikishamaliza nilimpigia simu somo, nikamwambia aje. Maneno yalikuwa yale yale kila harusi. "Somo, nimeshammaliza. Hainuki tena hapo mpaka asubuhi." Yeye alijibu, "Haya, naja."

Nyumba iliyonitia jela ilikuwa nyumba kubwa ya mjini Bagamoyo, watu wa maduka, watu ambao harusi yao moja iliwalisha wapishi, wapambaji na wapiga dufu wa vijiji vyote vya jirani. Bibi harusi alikuwa binti wa kwanza. Msichana mpole, vidole virefu, raha ya mpakaji. Nilipokuwa namchora mguu wa kushoto nikaona anavuta pumzi kwa shida, na midomo imepauka. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa kidonge, akakimeza bila maji. Nikamuuliza ana nini. Akasema kichwa. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Wasiwasi wa harusi tu huo, mwanangu," aliniambia. "Wewe paka."

Nikapaka. Nilipomaliza nikatoka chumbani hadi ukumbini, mikono imejaa piko, simu nimeibana kwa bega, nikampigia somo. Nikasema maneno yetu. Mama wa bibi harusi akapita na sinia la kashata, akanisikia. Ninayakumbuka haya vizuri kuliko ninavyoukumbuka uso wa mama yangu, ambaye mazishi yake sikuyaona. Alinisikia, akatabasamu, akasema, "Ahsante mwanangu, Mungu akupe mkono mwepesi."

Somo akaja, akakaa naye. Alfajiri yule msichana akafa.

Alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Alizaliwa nao, na nyumba nzima ilijua. Lakini wakwe hawakuambiwa. Nyuma yake walikuwapo wadogo zake watatu, wote wasichana, wote bado kuposwa, na nani ataoa katika nyumba ambayo mabinti wana mioyo mibovu? Watu wa mume walipouliza, "Mwenzetu ameuawa na nini?" palihitajika jibu kabla ya jeneza kutoka. Nami niliwaachia jibu ukumbini. Kufika adhuhuri mji mzima ulikuwa unasema piko ina sumu na mpakaji mwenyewe alikiri kwenye simu.

Askari aliyenihoji alikuwa kijana wa bara, mstaarabu, hakunitukana wala hakunigusa. Aliniuliza kama nilisema "nimeshammaliza". Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nilisema "hainuki tena hapo". Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama niliyekuwa namsema ni marehemu. Nikasema ndiyo, ni yeye, nilikuwa nimemaliza miguu na mikono. Akanitazama kwa huzuni kweli, kama mtu anayemwona mwenzake akijitumbukiza kisimani. Nilidhani neno linajieleza lenyewe. Kwa watu niliokua nao lilikuwa linajieleza.

Mahakamani yule mama alikula kiapo na akasema kweli tupu. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Angesema uongo ningempinga. Alisimama kizimbani na buibui lake, akaeleza saa ya alasiri, ukumbi, simu begani, na maneno yangu, neno kwa neno. Hakuongeza. Alipunguza tu tabasamu lake na ile dua ya mkono mwepesi. Na kidonge alisema hakijui.

Kesi ilisemwa kwa Kiswahili lakini kumbukumbu iliandikwa kwa Kiingereza. Nilikuwa nimekaa karibu. Neno langu lilipotajwa niliona kalamu ya hakimu ikisimama, ikangoja kidogo, kisha ikaandika. Sijui iliandika nini, ila naijua lugha yangu: neno lenye maana mbili likitoka kwake kwenda ugenini husafiri na maana moja tu. Yangu ilibaki Bagamoyo. Ningeweza kuinuka nikapiga kelele kwamba si hivyo. Nilishaambiwa ninyamaze mara mbili.

Nyuma kabisa walikaa wanawake wetu wa Kaole na wa mjini. Wengine niliwapamba mimi. Mmoja nilimpaka hina akiwa na mimba ya miezi saba, nikamkanda na miguu bila kuombwa. Walikuwa wamejifunika kanga, wanatazama sakafu. Nilikuwa nawaangalia mmoja mmoja, nikisema moyoni, sasa hivi atainuka mmoja aseme, "Mheshimiwa, hata mimi niliwahi kumalizwa na huyu, na niko hapa." Sentensi moja. Hakuinuka mtu. Wakati wa mapumziko niliwasikia nje wakiagana waonane kwenye hitima ya marehemu.

Nilimwambia wakili niliyepewa amwite somo wangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa upande wa pili wa simu. Yeye peke yake angeweza kusema mazungumzo yale yalikuwa ya kazi. Wakili akarudi na jibu kwamba somo yu taabani, miguu imevimba, hawezi kusimama. Nikaamini. Nikamwomba wakili ampelekee salamu zangu, ampe pole sana, amwambie asijisumbue. Kweli nilisema hivyo. Asijisumbue.

Hukumu ikasema nimeua bila kukusudia, kwa dawa nisiyoijua vizuri na kwa uzembe, na kwamba maneno yangu yalionyesha sikujali. Nikaenda.

Sina mengi ya kusimulia ya jela. Anayetaka kuijua aende. Nywele zinanyolewa, kwa hiyo hakuna wa kummaliza mtu kwa chanuo, na nilifurahi, maana nilikuwa nalikwepa lile neno kama mtu anavyokwepa jiwe alilojikwaa. Chakula nilikila hadi sahani safi, nikasema "nimeshiba". Nikilima tuta zima nilisema "tayari". Mume wangu akanipa talaka nikiwa ndani na akamchukua binti yetu kwao Tanga. Nilipokuja kumwona tena aliniamkia vizuri sana, kwa adabu zote, kama anavyoamkiwa mgeni wa baba yake. Mama yangu akafa. Mimi nikalima. Kila nilipopiga jembe nilipiga kichwa cha mtu wa ule mji, na nilikuwa na vichwa vya kutosha kumaliza shamba. Naam, kumaliza. Huko moyoni nililisema, na kwa maana ile ya mahakamani.

Na kila sala niliomba dua miguu ya somo ipone.

Mahakama ya juu ikanitoa. Walisema sumu haikuonekana, shaka ipo, mfungwa aende. Hawakusema hakufanya. Ukitoka kwa mlango wa shaka, shaka hutoka nawe. Mjini walisema nimetoka kwa sheria, si kwa haki. Nilikwenda harusi moja ya ndugu zangu na nilipoingia chumbani shangazi wa bibi harusi akamvutia binti yule kanga juu ya mikono, haraka, kama nimekuja na moto. Nikageuka. Nikapanga chumba Zinga, kando ya barabara ya Dar, nikawa nakaanga vitumbua.

Somo alikuja kuniona wiki ile ile niliyohamia. Alitembea mwenyewe toka kituoni, mwendo mzuri, mfuko wa embe mkononi. Nilipoiona ile miguu nililia kwa furaha. Nilimwambia, "Alhamdulillahi, somo, dua zangu zimejibiwa." Akainama akaanza kumenya embe.

Watu hudhani mtu kama mimi akitoka hutaka msamaha uingie moyoni, apumzike. Nilitaka kisasi. Nilikitaka asubuhi na nilikitaka jioni. Nilifikiria moto. Nilifikiria mganga. Sikuacha kwa kumcha Mungu, niliacha kwa kuogopa kufungwa tena, safari hii kwa haki. Halafu kisasi kikaja chenyewe, kimevaa buibui jipya.

Yule mama alikuwa amepata safari ya Hija. Kwetu anayekwenda Makka huzunguka kwanza kuomba radhi, kwa jirani, kwa shemeji, hata kwa muuza samaki aliyemrushia maneno. Mungu husamehe haki zake mwenyewe, lakini haki ya mja mwenzako hasamehi mpaka mja asamehe. Ukienda na deni la mtu, umekwenda kutembea. Kila mtu alilijua hilo, na kila mtu mjini alianza kunitazama kwa jicho jingine, maana hesabu ilikuwa nyepesi: hakuna mtu aliyedhulumiwa na yule mama kuliko mkaanga vitumbua wa Zinga.

Akaja na gari. Nilikuwa mbele ya jiko. Nikamwamkia, sikufundishwa ujinga.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Hali yako?"

"Namshukuru Mungu."

"Na biashara?"

"Inakwenda."

Akaketi kwenye kigoda changu, kikapu cha halua na doti ya kanga magotini. Amezeeka, nikaona, na sikumwonea huruma.

"Nimekuja kwako, mwanangu," akasema. "Safari ni safari, hatujui kurudi. Nimekuja tuwiane radhi."

"Tuwiane?" nikamuuliza. "Mimi unaniwia nini?"

Akairekebisha doti ya kanga magotini. Nikageuza vitumbua, upande wa pili ulikuwa umeiva. Kama angesema "niwie" pengine ningelegea, maana mtu huchoka kuchukia. Lakini "tuwiane", kana kwamba tulikosana njiani wawili, yeye akanikanyaga na mimi nikamkanyaga.

"Nisamehe," akasema.

"Nitakusamehe. Lakini si hapa mbele ya jiko. Siku ya dua ya kukuaga wanawake wote watakuwapo. Simama mbele yao, useme neno nililolisema siku ile lilikuwa na maana gani. Basi. Ukishasema, nakuwia radhi papo hapo."

"Unataka kuniaibisha mbele ya watu."

"Nataka unitafsirie. Mahakamani ulisema nusu."

"Mabinti zangu wameshaolewa. Wana wakwe."

"Na mimi nilikuwa na mume."

Akainuka, akaiacha halua. Niliigawa kwa wateja, kila kitumbua na kipande chake, na nikasema halua hii ni ya msiba. Hazikupita siku nyingi akaniletea salamu kwamba amekubali.

Nilijipamba siku ile. Nilivaa dera nililolinunua kwa ajili hiyo tu, nikajifukiza udi. Nyumba ni ile ile, ukumbi ni ule ule, na mahali niliposimama na simu begani pamewekwa jokofu. Wanawake walijaa kwenye mikeka. Wale wa Kaole, wale wa mjini, wale walioitazama sakafu ya mahakama. Somo alikuwa ameketi kando ya ukuta, amekunja miguu yake mizima chini ya kanga, akanifanyia ishara nikae karibu naye. Nikakaa. Nilitaka awe karibu nami wakati jina langu linasafishwa.

Dua ikasomwa. Kisha yule mama akasimama. Nampa haki yake, hakuzungusha.

"Binti yangu alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu mdogo," akasema. "Nilificha. Siku ile huyu mwenzenu alisema nimeshammaliza, na mimi nilijua anasema hina. Nilimsikia, nilimwelewa, nilimshukuru. Kisha nikaenda kuyasema maneno yake mahali ambapo nilijua hayataeleweka. Namwomba aniwie radhi."

Nilikuwa nimeingoja saa hiyo kwa miaka. Nilikuwa nimeshaipanga, nikijua watashika midomo, watalia, watanigeukia. Nikainua uso niwaone wakishtuka.

Hakushtuka mtu. Mwanamke mmoja mtu mzima, yule niliyemkanda miguu na mimba yake, akasema kwa upole, kama unavyomwambia mtoto jambo la wazi, "Hilo tulilijua, mwanangu. Nani asiyelijua?" Na wengine wakaitikia, naam, tulijua, tulikuonea huruma sana, hatukulala. Wakawa wananipa pole. Kwetu husemwa asiyejua maana haambiwi maana. Kumbe nao walioijua wote waliiweka ndani, na aliyekuwa haijui mji mzima ni mmoja tu, yule mwenye kalamu.

Nadhani ni zile pole zilizomuudhi yule mama. Alikuwa amejivua nguo mbele ya watu, na watu wanajifunika kwa nguo yake. Hakuwa ameketi bado.

"Basi msinitupie mzigo wote mimi," akasema. "Aliyekuwa akisema naye kwenye simu yumo humu ndani. Kabla ya kesi alikuja hapa nyumbani akaniuliza akiitwa aseme nini. Nikamwambia, ugua. Akaugua."

Hapo ndipo waliposhika midomo. Sikugeuka. Niliona kanga yake kwa pembe ya jicho, na chini yake nyayo, na kwenye nyayo hina ya hivi karibuni, imekolea vizuri. Nikakumbuka wale mabinti watatu walioolewa mimi nikiwa ndani. Mtu fulani aliwapamba. Nyumba ile haikukosa mpambaji.

"Mwari wangu," somo akasema.

Nilikuwa na ahadi. Nikamwambia yule mama, "Nimekuwia radhi, duniani na akhera." Watu walisikia. Kisha nikainuka, nikatafuta viatu vyangu mlangoni, nikaenda zangu. Somo sikumjibu.

Yule mama alikwenda na akarudi salama. Ameniletea tende na maji ya zamzam. Mjini wanamwita Hajati, wanambusu mkono, na kwa hesabu za dini ninazozijua amerudi kama aliyezaliwa jana. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Wateja wangu waliongezeka pia. Wanawake wanashuka Zinga makusudi kununua vitumbua, wanakaa, wanasema dada yangu, rudi kwenye kazi yako, mkono wako haukupata mfano. Wananidai niwapake hina ili wao walale. Huwauzia vitumbua, nikawarudishia chenji.

Kisha miguu ya somo ikavimba kweli.

Nilipoletewa habari nilicheka, na aliyeniletea akaniogopa. Ilianzia vifundoni ikapanda. Kutoka Kaole wanawake wakaja kwa zamu. Mwenzetu anateseka. Mwenzetu hafi, anakungoja wewe. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaambia, nami nimeshaivua nguo. Wakasema yeye ni mama yako wa pili. Nikasema ndiyo maana. Nilimwacha angoje. Nilitaka ajue kukaa mahali akihesabu mlango, akisema leo atakuja mtu.

Mwishoni nikaenda. Sitasema ni huruma. Nilitaka kuiona ile miguu.

Chumba kilijaa wanawake, kama kawaida yetu pakiwa na mgonjwa wa kuaga. Wakanipisha. Somo alikuwa ameegemezwa mito, uso umepungua, miguu iko nje ya shuka maana haikuvumilia kitu. Imejaa, ngozi inang'aa. Nikaitazama hadi nikatosheka, na kutosheka kwenyewe hakukuwa na ladha niliyoitarajia.

"Niwie radhi, mwari wangu," akasema.

"Kwa lipi, somo?"

"Unalijua."

"Nataka nilisikie."

"Nilikuwa na maharusi," akasema. "Kama ningesimama na wewe, nyumba zote za mjini zingenifungia mlango. Ningekula nini mimi?"

Nikafikiria sahani ya maharage ya jela yenye wadudu juu, na mimi nikiwatoa kwa kidole, nikimwombea. Nilimpenda mwanamke yule. Nilikuwa nampenda hata nikiwa nimekaa pale, hilo ndilo lililonitia hasira zaidi, maana Hajati nilimsamehe kwa sababu sikuwahi kumpenda.

Akaonyesha kwa kidevu chini ya kitanda. Palikuwa na bakuli limefunikwa. Nikalifunua, hina imekandwa na ndimu, imekwisha vimba, tayari. Alikuwa amewaagiza kila siku waikande upya, waliniambia baadaye, ikiharibika wanamwaga wanakanda nyingine.

"Nipake," akasema. "Nisiende kwa Mungu na miguu ya namna hii."

Sikuwa nimeshika hina tangu siku ile ya ukumbini. Nilidhani mkono utakataa. Haukukataa. Nikaweka mto chini ya magoti yake kama alivyonifundisha. Nikaanza na kucha, nikaenda kwenye vidole, nikazungushia nyayo, nikijaza palipokuwa pamepasuka, nikipita polepole palipovimba nisimuumize. Wanawake walitazama. Aliuma midomo mara moja tu. Harufu ya hina na ndimu ikajaa chumbani, na mimi nikawa msichana wa kikapu tena, na sikutaka kuwa.

Alikuwa akiningoja niseme. Kila nilipoinua kichwa nilimkuta ananitazama. Neno lenyewe ni dogo, hata Hajati nilimpa, na mbele ya watu. Nililileta hadi kwenye ulimi. Halikwenda zaidi. Aliomba tena, "Niwie radhi," na mara ya tatu hakuomba, alilisema tu jina la Mungu.

Nikafuta ukingo wa nyayo kwa kitambaa, nikaliweka bakuli chini.

"Umeshanimaliza?" akauliza. Ni swali la kila anayepakwa, halina kingine ndani yake. Nimeulizwa na maharusi wasiohesabika.

Nilikuwa nimeapa sitalisema tena mpaka nife.

"Nimeshakumaliza, somo," nikasema. "Usiinuke tena hapo mpaka asubuhi."

Akafumba macho. Wanawake waliokuwamo chumbani walisikia wote, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nina maana gani.